Fungueni kodi: kisa cha studio moja, mashabiki wake na hitilafu iliyogoma kufa

Majina yote nimeyatoa, la studio, la gemu, ya watu, na vitu viwili vitatu nimevigeuza kidogo ili mtu asianze kupeleleza nani ni nani. Mi nilikuwa upande wa mashabiki, nasaidia kusimamia chati yao ya mtandaoni, kwahiyo usinisome kama hakimu, kuna sehemu humu mimi ndo niliyekosea. Na nikisema kodi simaanishi ile ya nyumba, namaanisha msimbo wenyewe, ile mistari ambayo madevelopa wanaandika ndo gemu inakuwa gemu, na kuifungua ni kuiachia hadharani watu waisome na kuibadilisha.

## Hali ilivyokuwa

Gemu ni ya mikakati, zile za kujenga kambi, kukusanya jeshi, halafu kwenda kumvamia mwenzako. Mnacheza mtandaoni wawili mpaka wanane. Ilikuwa na kama miaka kumi sokoni, bado ina watu wake wa kufa na kuzikana. Studio ni ndogo, na wengi walishahamia kwenye gemu mpya, hii ya zamani ikabaki na injinia mmoja anayeitupia jicho akipata nafasi. Apdeti zilizokuwa zinakuja kila mwezi zikawa zinakuja baada ya miezi mitatu, minne, mwisho zikawa zinakuja ukiwa umeshasahau.

Kilichokuwa kinaumiza ni hitilafu moja tuliyoiita "kuachana". Mnacheza vizuri nusu saa, majeshi yamekomaa, vita kubwa imewaka katikati ya ramani, mara gemu inasimama inakwambia kompyuta zenu hazikubaliani, mechi imekufa. Hamna mshindi hamna pointi.

Hii hitilafu lazima niieleze vizuri maana kisa kizima kimekaa juu yake. Magemu mengi ya aina hii, tangu enzi za Age of Empires ya 1997, hayatumi mtandaoni mahali alipo kila askari, askari ni mamia, mtandao wa wakati ule usingebeba. Yanatuma amri tu, kwamba fulani kasema kikosi hiki kiende pale. Kila kompyuta inapokea amri zile zile kwa mpangilio ule ule na inapiga hesabu zake yenyewe, na hesabu zikitoka sawasawa kabisa basi wote mnaona vita ile ile. Sasa kompyuta moja ikipishana na wenzake kidogo tu, mshale mmoja huku umempata mtu na kule umemkosa, basi kuanzia hapo kila hesabu inayofuata inazidi kwenda kombo, yule aliyekufa huku yuko hai kule anaua watu, mpaka gemu inagundua kwamba mko kwenye vita mbili tofauti na inawatoa. Kwahiyo ile hitilafu haikuwa pale mechi ilipokufa, ilikuwa dakika kadhaa nyuma huko ambako hakuna aliyekuwa anaangalia. Injinia wa watu alikuwa anaitafuta peke yake, kwa siku zake za kubangaiza.

## Mambo yalivyokwenda

Kulikuwa na kashindano ka mashabiki, na kwenye fainali mechi ilikufa kwa kuachana mara mbili usiku mmoja. Mmoja wa wale wachezaji, mtu wa siku nyingi na anayeheshimika, akaandika kwa hasira kwamba kama studio haina muda basi wafungue kodi, sisi tutatengeneza wenyewe. Mstari mmoja tu. Kesho yake ulikuwa kila mahali, watu wameuweka mpaka kwenye majina ya akaunti zao.

Waliounga mkono walikuja na mfano wa Doom, ile gemu ya zamani ya kupiga risasi, na siwalaumu, ndo mfano unaokuja kichwani haraka. id Software, wenye gemu hiyo, waliachia kodi ya Doom Desemba 1997, miaka minne baada ya gemu kutoka, na mpaka leo watu wanaiendesha kwenye karibu kila kitu chenye skrini. Wakaongezea magemu mengine, Quake ambayo kodi yake ilitoka 1999, Quake III 2005, na FreeSpace 2 ambayo kodi yake ilitoka 2002 na mashabiki wameikarabati mpaka huwezi kuamini ni gemu ile ile. Hoja ikawa nyepesi, wenzenu walifungua na wako hai.

Lakini ule mfano wa Doom ulikuwa na majibu ndani yake ambayo hakuna aliyeyasoma, mimi nikiwemo. Kilichofunguliwa ni kodi peke yake, picha, sauti na ramani zilibaki mali ya wenyewe, unatakiwa uwe na kopi yako. Na kodi iliyotoka ilikuwa ya toleo la Linux, sio la DOS (mfumo wa kompyuta wa enzi zile) ambalo watu wengi ndo walilicheza, kwasababu la DOS lilikuwa na laibrari ya sauti, yani kipande cha kodi kilichokwisha andikwa, ya watu wengine ambayo id hawakuwa na haki ya kuigawa. Na leseni ya kwanza haikuruhusu biashara, GPL, ile leseni huria inayomruhusu yeyote kutumia na kubadilisha kodi mradi akiisambaza aiache wazi, ilikuja 1999. Mambo yote matatu hayo yalikuja kutukuta sisi baadaye, na kila moja tulilipokea kama vile ni uchawi wa studio yetu tu.

Upande wa pili walikuwa wanaogopa wachiti. Wao mfano wao ni Quake, kwamba kodi ilipotoka mwisho wa 1999 haikupita muda watu wakaanza kujitengenezea matoleo ya udanganyifu, na ni kweli yalitokea. Ila nilichokuja kuelewa baadaye sana ni kwamba kwenye gemu kama yetu hofu hii ilikuwa inalinda mlango ambao hauna ukuta. Kumbuka kila kompyuta inapiga hesabu za askari wote. Ule ukungu unaoficha jeshi la adui ni pazia tu limechorwa juu, nyuma yake kompyuta yako inajua kila adui alipo maana ndo inayemtembeza. Programu za kuondoa ukungu zilikuwepo miaka yote kodi ikiwa imefungwa, na waliokuwa wanapiga kelele za wachiti kuna waliokuwa wanajua hilo vizuri kabisa (sisemi zaidi).

Halafu kulikuwa na watengeneza modi, yani mashabiki wanaoiongezea gemu vitu vyao wenyewe, hawa walikuwa kimya karibu muda wote. Shida yao ilikuwa ndogo, walitaka tu kujua faili la ramani limepangwaje ndani ili waache kubahatisha. Na kulikuwa na wale wa "ni mali yao wafanye wanavyotaka", ambao walikuwa sahihi kisheria na hawakumsaidia mtu yeyote.

Wiki ya pili mambo yakaharibika. Watu wakaanza kuishushia gemu nyota kwenye duka la mtandaoni inakouzwa, watu ambao wana mamia ya masaa ndani ya gemu hiyo hiyo wanaandika kwamba haifai. Kuna aliyemtafuta yule injinia kwenye akaunti yake binafsi akamporomoshea matusi, yani mtu mmoja pekee aliyekuwa bado anaigusa gemu yetu, ndo tukamtukana yeye. Akatoka kwenye chati. Sisi wasimamizi tulichelewa kuchukua hatua karibu siku mbili kwasababu tulikuwa tunabishana kama kumfungia aliyetukana kutaonekana tumenunuliwa na studio. Nikikumbuka naona aibu mpaka leo.

Studio ikajibu. Jibu lilikuwa sentensi mbili, kwamba hawana mpango wa kufungua kodi na wanashukuru kwa uvumilivu. Hakuna sababu hata moja. Hapo ndo kila mtu akajijazia sababu anayoitaka, wana kitu wanaficha, wanataka kuiua hii tununue mpya, wanauza data zetu, basi ilimradi. Baadaye tulikuja kujua sababu zilikuwepo na zilikuwa za maana, ila walimuuliza mwanasheria na mwanasheria akawaambia wasieleze chochote.

## Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza mgumu ulikuwa wetu. Siku moja asubuhi ikatupwa linki ya faili, inasemekana ni kipande cha kodi ya zamani ya gemu kimevuja, ni kutoka wapi hakuna aliyejua. Watu wakachangamka, maombi yamejibiwa. Tukaifuta ndani ya dakika chache na tukatangaza anayeirudisha anatoka, na hapo ndo tuliitwa wasaliti rasmi.

Sababu haikuwa uoga wa sheria peke yake, ingawa uoga ulikuwepo. Tayari kulikuwa na watu watatu waliokuwa wanajaribu kuandika upya sehemu ya gemu kutoka mwanzo, kwa kuangalia inavyofanya kazi tu bila kuona kodi yake, njia ile ambayo mashabiki wa mradi wa OpenMW walipita kwa ajili ya gemu ya Morrowind. Kazi ya namna hiyo uhai wake uko kwenye usafi, lazima uweze kusema hatukuona cha mwenyewe. Mwaka 2006 mradi wa ReactOS, wale wanaojenga mfumo wa kuendesha programu za Windows, ulilazimika kusimamisha kazi na kukagua kodi yake yote kwasababu ya tuhuma tu kwamba kuna sehemu haikuandikwa kwa njia safi. Tuhuma tu hiyo. Sasa sisi tukiwa na faili la wizi linazunguka kwenye chati yetu wale watatu wangesafishwa na nani? Mmoja wao alituambia ukweli kwamba ameshalifungua faili na kusoma. Akajitoa kwenye kazi ile yeye mwenyewe bila kuambiwa. Kwangu mimi huyo ndo mtu aliyefanya jambo zito kuliko wote kwenye kisa hiki na karibu hakuna anayelijua.

Uamuzi wa pili ulikuwa kubadilisha swali. Dada mmoja wa kundi la modi aliuliza kitu kwenye chati, karibu kipite bila kuonekana, akasema nyie mnaotaka kodi ifunguliwe, siku ikifunguliwa asubuhi yake utafanya nini? Majibu yakawa machache kwa kushangaza. Wengi walinyamaza. Waliojibu walitaka vitu vinne: hitilafu ya kuachana iishe, gemu iendelee kuchezeka hata siku studio ikizima seva, ramani na modi zitengenezeke bila kubahatisha, na toleo la Linux lisilosumbua. Na ukiviangalia hivyo vinne, hakuna hata kimoja kinachohitaji kodi yote. Kuachana kunahitaji ile sehemu inayopiga hesabu za vita. Ramani zinahitaji maelezo tu. Seva inahitaji programu ya seva, si lazima hata uione kodi yake.

Watu wanne tukaandika barua tukiomba vitu hivyo, tukaacha kabisa neno fungueni kwasababu lilishakuwa tusi. Tukaomba msamaha kwa yule injinia kwenye mstari wa kwanza. Na tukaweka mfano mmoja ambao kwa maoni yangu ndo uliowageuza: mwaka 2020 kampuni ya EA walipotoa upya gemu zao mbili za zamani za Command & Conquer, walitoa na kodi, Tiberian Dawn na Red Alert, lakini hawakutoa kila kitu, walitoa yale mafaili mawili ya hesabu za mchezo kwa GPL toleo la 3, kodi iliyobaki ya lile toleo jipya ikakaa ndani. Kwa hiyo kumbe kuna kufungua dirisha bila kubomoa nyumba.

Safari hii aliyejibu hakuwa mwanasheria, alikuwa yule yule injinia, na alikuja na orodha ya vilivyomo ndani ya kodi. Hapa ndo nilipata elimu. Sauti ni laibrari ya kulipia. Video ya mwanzo inachezwa na programu ya kampuni nyingine. Kuingia kwenye akaunti ni kodi iliyoandikwa na lile duka la mtandaoni. Toleo la konsoli (zile mashine za gemu za kuchomeka kwenye TV) limejaa vitu vya kampuni ya konsoli vilivyo chini ya mkataba wa siri, na vimechanganyika na vya kwao kwenye mafaili yale yale kwasababu miaka kumi iliyopita hakuna aliyefikiria siku kama hii. Kwenye historia ya kodi kuna pasiwedi za seva zilizosahaulika humo, ukifuta leo bado ziko kwenye matoleo ya jana. Kuna komenti zenye matusi na majina ya watu waliogombana kazini. Na sehemu ya haki ni ya kampuni iliyowasambazia gemu sokoni, ambayo lazima isaini. Hata id na Doom 3 mwaka 2011 ilibidi waandike upya kipande cha vivuli kabla ya kutoa kodi kwasababu ya hataza ya kampuni nyingine, na wale walikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kufungua.

Kusafisha yote hayo, alisema, kunahitaji mtu, na mtu ni yeye, na yeye akisafisha kodi hatengenezi hitilafu. Hesabu ndo hiyo. Tulivyokuwa tunapiga kelele tulikuwa tunadhani kuna swichi mahali na mtu mkaidi amekalia swichi. Kumbe kulikuwa na kazi ya miezi, isiyo na mshahara wake, na mfanyakazi mmoja.

Studio ikaamua hivi. Wanafungua ile sehemu ya hesabu za vita, inakuwa faili linalojitegemea, pamoja na maelezo ya ramani na kaprogramu kadogo kasikokuwa na picha ka kuendeshea mechi zilizorekodiwa. Programu ya seva inatolewa bure lakini bila kodi. Vilivyobaki vyote vinabaki vimefungwa. Mechi za kugombea daraja zinakubali faili rasmi tu, lenye sahihi ya studio.

Leseni ikatuchosha kuliko yote. Wao walitaka iwe ya kutofanya biashara, wanaogopa mtu aje achukue kazi yao aiuze. Upande wetu kulikuwa na jamaa anayepakia programu kwa ajili ya Linux, akaeleza kwa utulivu kabisa kwamba leseni ya hivyo haihesabiwi kuwa huria, wasambazaji wengi wa Linux wataiweka pembeni, na haiwezi kuchanganywa na kodi za GPL zilizopo. Mwishowe ikawa GPL toleo la 3 na ruhusa ya nyongeza kwamba inaweza kuunganishwa na sehemu iliyofungwa. Ila wakaweka sharti, anayetaka kazi yake iingie kwenye faili rasmi asaini makubaliano ya kuwaruhusu studio waitumie pia kwenye matoleo yao ya kufungwa, vinginevyo wasingeweza kuipeleka konsoli. Wengine waliona huo ni unyonyaji, unafanya kazi bure halafu wanauza. Mimi nilisaini, ingawa siwezi kusema waliokataa walikosea.

## Kilichotokea baada ya hapo

Kusafisha kulichukua muda mrefu kuliko walivyosema na kulikuwa na kimya kirefu katikati ambapo wengi walirudi kwenye matusi. Kisha ikatoka.

Hitilafu ya kuachana ilipatikana wiki chache baadaye, na siri ilikuwa kale kaprogramu ka mechi zilizorekodiwa kuliko hata kodi yenyewe. Kwasababu rekodi ya mechi ni amri tu, unaweza kuiendesha mechi ile ile kwenye kompyuta mbili tofauti halafu unalinganisha hesabu hatua kwa hatua, mpaka uione ile hatua ya kwanza kabisa walipopishana. Mashabiki walikuwa na rekodi za mechi zilizokufa, za miaka, wamezitunza kwa uchungu. Wakaziendesha zote. Yule dada wa modi ndo aliyeikamata: askari akiwa na maadui wawili walio umbali sawa kabisa, gemu inamchagua wa kwanza kwenye jedwali, na jedwali lilikuwa limepangwa kwa kufuata mahali kila askari alipokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ambapo ni tofauti kwa kila kompyuta. Vita ndogo haiwezi kutokea, umbali sawa kabisa ni bahati mbaya adimu. Vita kubwa lazima itokee. Dawa ilikuwa mistari michache, panga kwa namba ya askari badala ya mahali alipo. Miaka yote ile, mistari michache.

Wachiti waliongezeka, nisidanganye. Sio wa kuona ukungu, hao walikuwepo, ni boti, yani programu za kutembeza jeshi vizuri kuliko mkono wa binadamu, maana sasa unaweza kusoma sheria za vita zote zilivyoandikwa na kupiga hesabu kabla. Kwenye mechi za kawaida zikawa kero kweli kwa muda, kwenye za daraja kidogo kukawa na nafuu. Waliokuwa wanaogopa walikuwa na haki ya kuogopa, ila walichokiogopa sicho kilichokuja.

Na waliosema sisi tutatengeneza wenyewe? Waliokuja kuleta pachi, yani marekebisho ya kodi, hata moja wanahesabika kwa vidole, na wengi wao hawakuwa wale wenye sauti kubwa. Hilo halikunishangaza sana. Kilichonishangaza ni kwamba hata hao wachache walitosha kumzidi yule injinia, alikuwa anakagua kazi za watu siku moja kwa wiki, foleni ikarundikana, mtu analeta kitu kizuri anakaa wiki sita hajajibiwa, anakata tamaa.

Kutoka kwenye hiyo foleni ndo likazaliwa tawi, yani toleo lililojitenga na la studio. Studio ilikuwa imesema inapokea marekebisho ya hitilafu tu, haitabadilisha nguvu za vikosi. Kundi moja likataka kupunguza makali ya wapanda farasi, wamelilia jambo hilo miaka, wakakataliwa, wakachukua kodi wakatengeneza faili lao. Leseni inawaruhusu kabisa. Jina na nembo ya gemu hawakuruhusiwa, wakajipa jina jingine. Na toleo lao, nasema kwa moyo mweupe, ni zuri, mechi zake zina mvuto zaidi.

## Nini kilifanya kazi, nini kilifeli

Kwa maoni yangu swali la yule dada lilifanya kazi kubwa kuliko hoja zote za kila upande zikiwekwa pamoja. Mjadala wa kufungua au kutofungua ulikuwa hauwezi kuisha kwasababu kila mtu alikuwa na kodi tofauti kichwani. Mmoja anawaza seva, mwingine anawaza picha, mwingine anawaza uhuru wa binadamu. Ulipogeuka kuwa mjadala wa kazi gani inataka kufanyika, vipande vikaanza kutengana vyenyewe na studio ikapata kitu inachoweza kukubali bila kukubali kila kitu. Ningekuwa naanza leo hilo swali ningeliuliza siku ya kwanza.

Kuikataa kodi iliyovuja kulituletea hasira za wiki nzima lakini bila hapo sidhani kama injinia angekaa kuongea na sisi. Studio haiwezi kufungua mlango kwa watu ambao imewaona wanapita dirishani.

Jibu la sentensi mbili lilikuwa kosa kubwa la studio. Ile orodha ya laibrari na mikataba waliyotupa miezi baadaye ingeweza kutoka siku ile ile, haikuwa na siri yoyote ya kibiashara ndani yake, na nusu ya mashabiki wangeelewa, maana wengi wao wanafanya kazi na kompyuta. Kunyamaza kwa ushauri wa mwanasheria kuliwalinda na kesi ambayo hakuna aliyekuwa na mpango wa kuifungua, na kukawagharimu nyota za duka ambazo mpaka leo hazijarudi.

Kosa letu sisi ni nyota zenyewe na yule injinia. Watu huwa wanasema bila presha studio isingesikia, na siwezi kuthibitisha kwamba ingesikia. Ninachojua ni kwamba barua ilijibiwa na mtu tuliyemtukana, na angeweza kabisa kutojibu, na hakukuwa na mwingine pale anayeijua ile kodi.

Kitu ambacho hakuna upande uliokipangia ni nani atakaa mlangoni baada ya mlango kufunguka. Tulihesabu kazi ya kusafisha, hatukuhesabu ya kukagua. Mfano mzuri ulikuwepo, Blender, si gemu lakini ni programu ya wasanii, kampuni yake ilipokufa mwaka 2002 mashabiki walichanga yuro 100,000 ndani ya wiki saba ili kodi iachiwe, na kodi ilipotoka Oktoba mwaka huo tayari kulikuwa na taasisi imeshaundwa ya kuishika. Sisi tulikuwa na mashabiki wenye uwezo wa kuchanga pia, hakuna aliyependekeza tuchangie angalau siku ya pili ya injinia kwa wiki. Mimi sikupendekeza. Tulikuwa tumezoea kudai, ndo mkono ulipolalia.

Kuhusu tawi bado sina msimamo. Kuna siku naona ndo uhuru wenyewe ule tulioupigania, kuna siku naona tumegawana watu ambao hata zamani walikuwa hawatoshi kujaza mechi ya wanane usiku wa manane. Na kwa sababu ya zile hesabu, matoleo mawili hayawezi kucheza pamoja hata kama wote mna gemu moja mmenunua duka moja, mpanda farasi mmoja ana nguvu tofauti tu na tayari mko kwenye vita mbili.

Wachezaji wa konsoli walikaa na kuachana kwao muda mrefu zaidi, maana pachi ya konsoli lazima ipite ukaguzi wa kampuni ya konsoli na studio ilikuwa inasubiri iwe na vitu vya kutosha ili isipeleke mara mbili.

Yule jamaa wa fainali, aliyeandika ule mstari, anacheza kwenye tawi siku hizi. Mpinzani wake wa ile mechi iliyokufa mara mbili amebaki kwenye toleo rasmi. Mechi yenyewe hawajawahi kuimalizia.